Kipa wa Picha ya 1978

Nekoye ana hasira, na mimi ninayeshona viatu mlangoni pa kibanda chake cha picha nasema ana haki.

Alitoka Bungoma akiwa msichana, akaja Kitale kufagia studio ya Harbhajan Singh. Haikupita miaka miwili akawa anasafisha picha mwenyewe. Mzee huyo alikuwa na tabia moja: kila picha aliyoipiga nje aliandika nyuma yake majina ya waliomo, mmoja mmoja, ili wakija kuagiza nakala asikwame. Alipofariki, familia yake ilimwachia Nekoye masanduku yote ya picha.

Sasa ana miaka hamsini na minane, na kila Jumapili baada ya kanisa hubeba picha moja ya zamani akaipige upya pale pale ilipopigwa. Stesheni ya Bungoma ameipiga, maduka ya Kitale ameyapiga. Habahatishi. Kama katika picha ya kale ncha ya paa la kanisa inagusa tangi la maji, atarudi nyuma, atasogea kando, atachuchumaa, mpaka paa liguse tangi tena. Hapo ndipo Harbhajan aliposimama.

Machi alichukua picha ya 1978: watoto kumi na mmoja, miguu mitupu, kwenye uwanja wa mtaa wetu. Alisogea, akasogea, akafika kwenye ukuta. Mawe mapya, lango la chuma, kufuli. Ukuta wa Wakhungu, mwenye duka la jumla, mtu wa mtaa huu huu. Tangu aujenge, watoto wanacheza mpira barabarani kati ya malori ya mahindi, na mjukuu wangu Derrick aligongwa huko akavunjika mguu. Nilitamani kumrushia Wakhungu nyundo yangu.

Tulilalamika hadi ofisa wa ardhi akaja, akaagiza lango lifunguliwe. Tukaingia wote. Wakhungu akawahi kuongea.

"Ati uwanja? Bwana ofisa, mimi nimezaliwa hii mtaa. Hapa kulikuwa kichaka tu. Sijawai ona mtoto akicheza hapa."

Mkavu wa macho! Nekoye alimpa ofisa ile picha, akamwomba aigeuze asome kwa sauti. Ofisa akasoma majina moja baada ya jingine, mpaka la mwisho: "Wakhungu, kipa."

Watu wakapiga kelele. Wakhungu akainamia viatu vyake, vile nilivyomshonea mimi.

"Hiyo si mimi. Akina Wakhungu ni wengi."

"Basi hakuna shida, mzee," Nekoye akasema kwa hasira. Alikuwa ameshapata mahali pake, paa likigusa tangi. "Si usimame tu hapo kwa goli nikupige picha, tulinganishe."

Alipoinua kamera, Wakhungu akajifunika uso kwa kiganja. Nekoye akapiga hivyo hivyo.

Ofisa alisema atarudi baada ya wiki mbili. Miezi mitatu imepita, na kufuli lingalipo. Picha zote mbili zinaning'inia mbele ya kibanda, ya kale na mpya. Nyuma ya ile mpya Nekoye ameandika: "Wakhungu, kipa." Watoto wakipita na mpira wao kwenda barabarani, huigeuza wakalisoma jina.