Joho Lililoanikwa Barazani

Mjomba wangu ni dobi, na kwa maringo hajambo. Duka lake halina kibao. Siku hizo kila asubuhi alichagua nguo iliyompendeza kuliko zote, akaitundika kwenye kamba ya barazani, ikaelekea barabarani, wapita njia waone pasi ni nini. "Kizuri chajiuza," alikuwa akisema. Nami nilikuwa nikimjibu kwamba ndiyo, na kibaya chajitembeza, ndiyo maana nikimtuma sokoni hataki kwenda. Alikuwa akicheka. Wakati huo alikuwa bado anacheka.

Jirani yetu, tuliyezoea kumwita Katibu kwa cheo chake katika chama cha upinzani, alikuwa mahabusu kwa maneno aliyoyasema jukwaani. Mawakili wa hapa walimkwepa kama ukoma. Akapatikana mmoja wa nje. Huyo aliomba kibali cha kufanya kazi nchini, akaomba tena, hakujibiwa. Kesi ilipokaribia akaingia kwa viza ya matembezi, akitumaini kumwomba jaji ruhusa ana kwa ana. Haya yote alitueleza mke wa Katibu, kwa sauti ya chini, siku aliyoleta joho jeusi la wakili huyo limekunjamana ndani ya begi.

"Baba, nakuomba sana, lisionekane na mtu. Wakijua amekuja kwa kazi watamrudisha, na mume wangu hana mwingine."

"Mwanangu, usiwe na wasiwasi. Kwangu nguo haina mwenyewe."

Mjomba hakuwahi kushika joho la wakili. Alilitandika mezani, akaweka kitambaa chenye unyevu juu yake ili pasi isiling'arishe, akashughulikia marinda ya mabegani moja moja, pole pole, huku ameubana ulimi. Nilimuuliza anapiga pasi au anaposa. Hakunisikia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa uani nikisuuza mashuka. Nilipotoka mbele, joho lilikuwa barazani, limetanuliwa mikono kwenye kamba, zuri ajabu. Naapa mjomba hakukusudia. Mkono wake uliamka ukafanya ulichozoea kabla kichwa hakijaamka. Nilitaka kupiga kelele, lakini wanaume wawili walikuwa wameshasimama chini yake, mmoja akipapasa mkono wa joho.

"Mzee, kazi safi hii! La nani?"

"La wakili mgeni," mjomba akajibu, kifua mbele. "Kesho anasimama mahakamani."

Mdomo uliponza kichwa. Niliona uso wake unavyobadilika alipojisikia mwenyewe akisema.

"Ehee. Mbona uwanja wa ndege alisema amekuja kutembea?" akauliza wa pili. "Nani amelileta hapa?"

"Mimi naona nguo. Watu siwaoni."

Wakamkalisha kwenye benchi lake mwenyewe. Nani anamtembelea huyo wakili? Nani wa chama anakula naye? Nani kamwita? Kofi moja lilimwangushia miwani. Mjomba alirudia jibu lile lile mpaka wakachoka, na jina la mke wa Katibu halikumtoka. Joho hawakulichukua. Walikuwa wameshapata walichokitaka.

Jioni hiyo wakili alipandishwa ndege. Katibu akasimama kizimbani peke yake, akafungwa miaka ambayo sitaki kuihesabu. Mtaa mzima ulikuwa umeliona joho barazani, na mtaa mzima umenyamaza, kwa kumpenda mjomba au kwa kuogopa, sijui.

Sasa linaning'inia ndani, nyuma ya mlango. Upepo ukiingia mikono yake hucheza, na mjomba husema "Karibu," kisha hugeuka akakuta hakuna mtu. Nimemwambia tulichome. Anasema mwenyewe atalifuata. Akilipa mgongo hutupa jicho nyuma kila mara. Nimemwona, na ninaogopa kubaki nalo chumbani hata mchana kweupe. Kamba ya barazani haijaguswa tena.

Mke wa Katibu huja kila anapokwenda gerezani, ameleta shati la mumewe lipigwe pasi. Mjomba hapokei malipo, naye hudhani ni ukarimu.

Juzi alisimama mbele ya joho kwa muda mrefu, akaligusa kola.

"Baba, najua walikuuliza ukanificha. Lile kofi lilikuwa langu. Sitakusahau mpaka naingia kaburini."

Mjomba aliendelea kupiga pasi pale pale, kwenye kola ile ile ya shati iliyokwisha kunyooka.

"Lakini yupo mtu aliyewaonyesha," mama yule akasema. "Kila siku namwomba Mungu amlaani, yeye na mikono yake. Niitikie, baba."

Nilimtazama mjomba. Aliitua pasi, akaikunjua mikono yake juu ya meza, akaiangalia.

"Amina, mwanangu," akasema.