Draya, Kuni na Shule ya Akinyi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa shoka. Nilikuwa nimeshuka treni Fort Ternan, nikatembea siku mbili kupanda milima hadi Kericho pamoja na vijana wenzangu kutoka upande wa ziwa, na asubuhi nyapara wa kuni akatupanga mstari. Alisema atakayekaa chini kabla ya saa sita atarudi alikotoka. Kiwanda cha chai kilikuwa kipya, mabati yake yaking'aa mpaka macho yanauma. Sikujua kuni za nini. Nilidhani chai hukaushwa na jua kama omena, wale dagaa wa ziwani.

Niwaeleze vijana namna ilivyofanywa, kwa maana siku hizi mashine nyingine zimekuja. Majani yakitoka shambani yalipandishwa ghorofani, yakatandazwa juu ya vitanda vya gunia mpaka yalegee. Hiyo ni kunyausha. Kisha yalisokotwa kwenye mashine zilizovutwa na mikanda mirefu ya ngozi, yakamwagwa sakafuni yageuke rangi, na mwisho yakaingia kwenye kikaushio, ambacho sote tulikiita draya. Draya ilipuliziwa hewa ya moto kutoka tanuru, na tanuru lilikula kuni usiku na mchana. Ndiyo maana nilianza na shoka.

Nilikata kuni mwaka mzima. Nikapandishwa ghorofani kutandaza majani, nikashushwa sakafuni, na mwisho Bwana Mashini, mzungu aliyesimamia mitambo, akaniweka kwenye draya. Hiyo ndiyo kazi iliyoheshimiwa. Ukizidisha moto chai inanuka moshi, na ukipunguza inaota ukungu ndani ya sanduku kabla haijafika baharini. Hatukuwa na kipimo cha kutuambia. Nilichukua kiganja cha chai, nikakifinya karibu na sikio, na nikisikia inavunjika sawasawa nilijua iko tayari. Bwana Mashini alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja alifinya yake, akasikiliza, akasema tu, "Hii musuri," akaenda zake. Nililala na furaha.

Wakati huo mke wangu alikuwa amekuja kambini, na binti yetu Akinyi akazaliwa humo. Akinyi alipokuwa na miaka miwili mama yake alishikwa na homa, akafa siku ya nne. Sitaandika mengi juu ya hilo. Tulimzika, na kesho yake kengele ya kazi ikalia kama kawaida.

Nilifanya alichofanya kila mwanamume wa wakati wangu. Nilimpeleka mtoto nyumbani kwa ndugu yangu. Nilipopata ruhusa ya kwenda kumwona, miezi mitatu ilikuwa imepita. Shemeji yangu alikuwa mama mwema, lakini alikuwa na watoto wake saba wa kulisha. Akinyi alikuwa amekonda, na aliponiona alikimbia akajificha nyuma ya ghala. Mtoto wangu mwenyewe hakunijua. Asubuhi nilimweka begani nikarudi naye Kericho, na ndugu yangu alinicheka mpaka nikapotea machoni pake.

Sasa nani amshike? Kwa wiki chache jirani yangu kambini alinisaidia, kisha mumewe akamaliza mkataba wakahama. Siku waliyoondoka nilimchukua Akinyi kiwandani. Nilimkalisha kwenye chumba cha kupakia, katikati ya masanduku matupu, nikampa kiazi kitamu na kumwambia asiondoke. Mtoto wa miaka miwili! Nilipogeuka kuongeza moto, alitoka akifuata sauti ya mashine za kusokota. Bwana Mashini alimdaka kwa gauni akiwa hatua mbili kutoka kwenye mkanda. Mkanda ule ulikuwa umeshakata mkono wa mtu mzima.

Alimleta kwangu akining'inia kama kuku.

"Hii toto ya nani?"

"Yangu, bwana."

"Mama yake wapi?"

"Alikufa, bwana."

Alimweka mtoto chini. Kisha akasema, "Mimi nasikia huruma. Lakini hapa kiwanda. Kama yeye nakufa hapa, wewe nafanya nini? Mimi nafanya nini? Peleka yeye. Kesho kuja peke yako, ama hapana kuja."

Sikumchukia. Alisema kweli.

Jioni nilikaa na Akinyi ukingoni mwa kambi, pale wamama wa Kipsigis walipoleta maziwa kwenye vibuyu. Nilikuwa nimemaliza mawazo yote. Mama mmoja mtu mzima, aliyeuza maziwa pale kila siku, alisimama mbele yetu akatutazama. Jina lake Tapsabei. Kiswahili chake kilikuwa kidogo sana.

"Mama?" aliuliza, akimwonyesha mtoto kwa kidevu.

Nilitikisa kichwa.

"Wewe kasi?"

"Ndiyo, mama. Kesho kazi."

Aliweka kibuyu chini, akainua mikono. "Leta."

Ni neno moja tu, lakini lilinipa miaka. Tapsabei alikaa ng'ambo ya kijito, nje ya mpaka wa shamba, mwendo wa robo saa. Watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa. Kila siku nilimpeleka Akinyi kabla ya kengele. Kumrudisha tulisaidiana na rafiki yangu Nyabuto, Mkisii, ambaye tuliachiana naye draya: mimi nikiingia yeye anatoka, yeye akiingia mimi natoka. Zamu yangu ikiwa ya mchana, Nyabuto alimchukua, akampikia ugali na kumlalisha. Yeye mwenyewe alikuwa na watoto wawili kwao milimani, na aliwaona mara moja kwa mwaka. Wanaume wa kambi walituita "mama wawili". Nyabuto aliwajibu kwamba mama wa kwanza yuko kazini, waje baadaye.

Akinyi alimwita Tapsabei Kogo, yaani nyanya. Kogo naye alimwita Chepkoech, maana ni jina la mtoto wa alfajiri, na Akinyi pia ni mtoto wa asubuhi. Akinyi alipofika miaka mitano ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Kogo alisema maneno marefu sana, kisha mtoto akaniambia, "Anasema wewe unanifunga nguo vibaya."

Alipofika miaka saba, nyapara wa wachumaji alikuja nyumbani kwangu na karani. Walikuwa wakiandika watoto wa kuchuma. Siku hizo watoto wengi wa kambi walichuma, na wazazi waliona ni kawaida.

"Huyu ana vidole vyepesi," nyapara alisema. "Jumatatu aanze."

"Huyu ataanza shule," nikasema.

Nilisema hivyo bila kuwa na shule. Kambini palikuwa na darasa la jioni la watu wazima tu. Shule ya watoto ilikuwa ya misheni, upande wa Kimulot, karibu na msitu, na ilijengwa kwa ajili ya watoto wa wenyeji. Jumapili nilivaa kanzu yangu safi nikaenda na Akinyi na Kogo.

Mwalimu mkuu alikuwa Mkipsigis kijana, mwenye sauti ya upole, na daftari alilolishika kwa mikono miwili. Alituambia kwa heshima kwamba nafasi zimejaa. Watoto walikaa wanne kwenye ubao wa watu watatu. Akaongeza kwamba mtoto wa kambi huhama baba akihama, na pia hatafahamu masomo, kwa sababu darasa la kwanza linafundishwa kwa Kipsigis.

Kogo alicheka. Alimsukuma Akinyi mbele, na mtoto akaanza kusema. Mpaka leo sijui alisema nini. Najua tu kwamba mwalimu aliinua macho, akamuuliza kitu, akajibiwa, akauliza tena, na mara hii walimu wengine wawili waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko.

"Mzee," mwalimu aliniambia, "huyu mtoto anaongea kama bibi wa miaka sitini."

"Huyu ndiye aliyemfundisha," nikasema, nikimwonyesha Kogo.

Alifungua daftari. Aliuliza jina, na Kogo akawahi: "Chepkoech." Siwezi kuficha. Niliona kana kwamba mama yake anafutwa. Nikasema, "Andika Akinyi pia." Akaandika yote mawili.

Halafu akatoa sharti. Shule ilikuwa inajenga darasa jipya, na kila mzazi alitakiwa kuja kila Jumanne, asubuhi mpaka saa nane, kukata miti na kukandika udongo. Atakayekosa mara tatu, nafasi ya mtoto wake itapewa anayengoja. Na waliokuwa wakingoja walikuwa wengi.

Jumanne mbili za kwanza Kogo alikwenda badala yangu, akakanyaga udongo pamoja na wamama. Mwalimu alizikubali. Jumanne ya tatu mgongo ulimkatalia asiweze kuinuka. Hiyo ikahesabiwa nimekosa. Nyabuto hangeweza kunishikia zamu yangu juu ya yake, kwa sababu ulikuwa msimu wa majani mengi na kila zamu ilikuwa imerefushwa. Nikavua kofia, nikaenda ofisini kwa Bwana Meneja.

"Bwana, naomba Jumanne asubuhi."

"Kwa nini?"

"Shule ya mtoto, bwana. Wazazi wanajenga."

"Jumanne majani mingi. Chai hapana ngoja wewe kujenga nyumba."

"Basi, bwana, nirudishe kwenye kuni."

Alidhani hakusikia vizuri. Aliniambia niseme tena. Nikasema tena.

"Wewe fundi ya draya. Wewe nataka kuni?"

"Ndiyo, bwana."

Sababu ni hii. Draya ilikwenda kwa saa, lakini kuni zilikuwa kazi ya kupimiwa. Nyapara alikupimia rundo kwa fimbo, na ukimaliza unaondoka. Ukikata rundo na nusu Jumatatu na tena Jumatano, Jumanne ni yako. Meneja aliandika kitu kwenye karatasi na kuniambia nisije kulia kwake baadaye.

Nyabuto alikasirika kuliko meneja. "Baba Akinyi, umerogwa? Miaka mingapi tumekaa na moto ule? Watu wanaiomba hiyo kazi!"

"Mtoto akitolewa shuleni ataenda kuchuma."

"Wangapi wanachuma na hawajafa?"

Nilikwenda kunoa shoka. Hatukusemezana siku tatu, lakini siku zote tatu alikwenda kumchukua mtoto kama kawaida.

Nilirudi kwenye shoka nikiwa mtu mzima sasa, katikati ya vijana. Mvua zilikuwa nyingi, miti mizito, na bega langu la kulia halijapona mpaka leo. Jumanne nilikata fito na kukandika ukuta na wazazi wa Kipsigis, ambao mwanzo hawakuniita kwa jina lolote, na baadaye wakaniita Baba Chepkoech. Sikukosa tena hata moja. Kuna siku nilipita mbele ya kiwanda na harufu ya chai inayotoka kwenye draya ikanijia, na nilijua kabisa kwamba moto umezidi, na sikuwa na ruhusa ya kuingia kusema.

Mtu aliyechukua nafasi yangu aliunguza chai nyingi. Kabla ya msimu kwisha Bwana Meneja aliniita.

"Rudi draya kesho."

"Nitarudi, bwana. Lakini Jumanne bado."

Alipiga meza. "Wewe naleta sheria kwa mimi?"

"Hapana, bwana. Shule ndiyo imeniletea mimi."

Bwana Mashini alikuwa amesimama dirishani, akasema neno kwa Kiingereza. Meneja akasema Jumanne niwe naingia mchana, mpaka nyumba ya shule iishe. Kisha akanielekezea kidole: "Lakini nyapara wewe hapana kuwa. Kabisa."

Na sikuwa. Nyapara wa kiwanda alipostaafu, cheo alipewa Nyabuto, na nikafanya kazi chini yake mpaka mwisho. Agizo lake la kwanza lilikuwa kuniweka zamu ya asubuhi daima, ili niwe nyumbani mtoto akitoka shule. Hakunieleza sababu, nami sikumshukuru kwa maneno.

Akinyi alisoma. Nafasi ya shule ya juu tuliitafuta tena kwa miguu, na hiyo ni hadithi ndefu. Akawa muuguzi. Kogo alifariki kabla mtoto hajamaliza mafunzo, na Akinyi alimlilia kwa Kipsigis, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa nacho cha kulilia.

Nilipostaafu, meneja mpya alinipa mkono na blanketi. Vijana wa kiwanda waliniuliza kama nilijutia unyapara. Nilijuta, tena mara nyingi, hasa nilipoona nyumba ya nyapara yenye vyumba vitatu. Anayewaambia kwamba hakujutia kitu alichokiacha kwa ajili ya mtoto anawadanganya. Mtu hujuta, na bado angefanya vilevile. Wala simlaumu mzazi ambaye mtoto wake alichuma. Si kila mtu alikutana na mama wa maziwa, wala si kila mtu alikuwa na Nyabuto.

Siku hizi nakaa Londiani, karibu na hospitali anakofanya kazi Akinyi. Ana watoto watatu, na mumewe yuko kwenye reli, hulala mbali. Yaya wao aliondoka mwezi uliopita. Jumatatu hii zamu ya Akinyi inaanza saa moja asubuhi. Nimemwambia nitakuwa mlangoni saa kumi na mbili na nusu.