Nilivyomzika Mama kwa Kalamu

Asubuhi niliyoikimbia Toronto naikumbuka kuliko siku niliyofika, mwanangu. Ilikuwa Jumapili. Nilibeba mfuko mmoja wa nguo, nikashuka ngazi za ghorofa kumi na moja kwa sababu lifti ya jengo letu la Dixon Road ilikuwa imekwama tena, nikapanda basi la kwanza lililofungua mlango mbele yangu. Sikujua niendako. Nilijua tu kwamba saa sita mchana mama mmoja angenisubiri kanisani na karatasi na kalamu, na mimi nisingekuwepo.

Leo nina mvi, na watoto wa dada zangu wananiita mjomba mzururaji. Mnadhani mtu aliyeacha chuo hana la kusema juu ya chuo, na huenda mnasema kweli. Lakini wiki hii binti yetu mmoja alinionyesha alama zake kwenye simu, zimeshuka mwaka baada ya mwaka kama mtu anayeteremka ngazi, naye anataka kuomba kusomea udaktari. Akaniuliza, "Mjomba, hapa wanaposema nieleze, niandike nini?" Ndiyo maana naandika.

Nilitoka Kigoma nikiwa kijana, nikapokelewa na mama mdogo Yustina, mdogo wake mama yangu, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka wa kwanza wa chuo nilipata alama ambazo mama mdogo alizibandika kwenye friji. Mwaka wa pili sikumpa za kubandika. Mwaka wa tatu nilizikunja nikazificha ndani ya buti la theluji, nikijua hakuna atakayeligusa kabla ya baridi.

Hakuna aliyeniroga, wala sikuwa mlevi. Nilikuwa na macho yasiyotulia. Nikipita darasa wanamofundisha habari za nyota, nitaingia nisikilize, ingawa somo langu liko jengo jingine. Nikisikia basi fulani linakwenda mwisho wa mji, nitalipanda nikauone huo mwisho. Safari moja alikuja fundi kutengeneza lifti yetu. Nilimfuata siku tatu nikimshikia tochi, mpaka nikaelewa namna mzigo mzito unavyoshuka upande mmoja ili watu wapande upande wa pili. Siku ile ya tatu ilikuwa ya mtihani wa kemia. Mtaka yote hukosa yote. Mimi niliyataka yote, isipokuwa lile nililotakiwa kulijua.

Na huku kanisani kwetu, wanakosali Watanzania, Wakongo na Warundi pamoja, nilikuwa nimekwisha itwa Daktari. Wazee waliniletea chupa za dawa niwasomee, nami niliitika. Jina likikutangulia, mwanangu, ni kama kiatu kikubwa: utatembea nacho, lakini kila mtu anasikia unavyokiburuza.

Mshauri wa wanafunzi aliniambia kwa upole kwamba alama zinazoshuka si kaburi. Niongeze mwaka mmoja wa masomo, zipande tena, kisha nieleze kwa ukweli kilichonipata. Mwaka mmoja niliuona mrefu mno. Nimezurura zaidi ya ishirini tangu siku ile.

Fomu ya maombi ya kusomea udaktari ilikuwa na nafasi ndogo ya maelezo. Niliitazama siku nyingi. Kuandika kwamba nilikuwa nikimshikia tochi fundi wa lifti niliona aibu. Nikaandika kwamba mama yangu aliugua miaka miwili, kisha akafariki.

Mama yangu alikuwa hai. Huenda saa ile alikuwa akigeuza dagaa wake juani.

Ilibaki barua ya mtu wa kunipendekeza. Nilimwendea Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, aliyetusimamia vijana tuliojitolea kuwatembelea wazee. Ili barua yake isipingane na yangu, nikampa maelezo yangu asome. Alisoma, akavua miwani.

"Mutoto yangu, mama alikufa, na wewe unakaa tu hivi?"

"Ni siri, Mama. Sitaki watu wajue."

"Siri?" akasema. "Kifo haina siri."

Hapo nilisahau nimezaliwa na watu gani. Kwetu mtu anaweza kuficha njaa, akaficha hata ndoa iliyovunjika, lakini msiba haufichiki. Anayemwacha mfiwa alie peke yake ndiye mwenye dhambi. Mama Furaha hakunisaliti. Alifanya alichofundishwa na mama yake.

Jumamosi, mama mdogo akiwa kazini, mlango uligongwa. Alikuwa Mama Furaha, na nyuma yake akina mama wanane na sufuria za wali, maharage na sombe, ambayo sisi tunaiita kisamvu. Walivua viatu, vikajaa mlangoni. Wakasogeza makochi ukutani, wakaketi kwenye zulia. Mzee Barnaba, Mrundi aliyekuwa akituongoza katika sala, naye alikuja nao; akanishika bega.

"Marehemu aliitwa nani, kijana wangu?"

Nafasi ilikuwa bado ipo, mwanangu. Ningeweza kusema neno moja, yakaisha pale. Nikasema, "Veneranda."

Wakamwombea Veneranda apumzike kwa amani.

Mama mdogo alirudi na sare yake ya kazi. Aliona viatu kabla ya kuona watu. Kwetu rundo la viatu mlangoni ni harusi au msiba, na harusi haikuwepo. Mama mmoja akamkumbatia, akamwambia, "Pole dada. Pole kwa kufiwa na mkubwa wako." Mama mdogo akakaa chini palepale, juu ya viatu vya watu, akalia. Alimwita dada yake kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Nami nimekaa, namtazama. Nimelala katika miji mingi tangu hapo, na kilio kile nimekikuta kila nilikofika.

Ndipo simu ya nyumbani ikalia. Iliita mara mbili, ikakatika.

Mama yangu hakuwa na uwezo wa kupiga simu Kanada. Kila Jumamosi alikwenda kwa jirani mwenye simu, akaiacha iite mara mbili, akakata, nasi tukampigia. Wageni hawakulijua hilo. Mama mdogo alilijua. Kilio kikamkatika. Akaitazama simu, kisha akanitazama mimi.

Alinivuta jikoni, akafunga mlango. Sijapata kumwogopa mtu aliyesema kwa sauti ndogo vile.

"Umeyasema wapi haya?"

"Kwenye maombi ya udaktari."

"Kwa nini?"

"Alama zilishuka."

Akajifuta uso kwa mkono wa sare. "Alama zimeshuka, ukaona umteremshe na mama yako kaburini." Akashika kitasa cha mlango. "Umemzika dada yangu kwa kalamu. Toka, kamfufue kwa mdomo wako. Mimi sikusaidii."

Nikatoka. Nikawaambia mama yangu yu hai, kwamba simu iliyolia ni yake, kwamba nilidanganya ili nipate nafasi. Nikawaeleza hata habari ya fundi wa lifti. Mama mmoja akaanza kufunika sufuria yake. Mzee Barnaba akakohoa.

"Basi huyu ni daktari kweli," akasema. "Hata shule hajaingia, amekwisha fufua mtu."

Mmoja alicheka, akajizuia. Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio. Wangu ulikuwa nacho, na wali juu yake, maana Mama Furaha alisema chakula kilichopikwa hakirudi, bali watu wakile wakimshukuru Mungu kwa uhai wa Veneranda. Wakala.

Akivaa viatu vyake, Mama Furaha aliniita kando. "Ile ya lifti, ungeniambia, ningeandika ile ya lifti. Minakuona vile unasikilizaka wazee. Kesho saa sita, misa ikiisha, kuja na karatasi. Tutawaandikia ukweli, hata kama watakataa."

Hiyo ndiyo Jumapili niliyoikimbia.

Ukinisikiliza vibaya utadhani kosa langu lilikuwa uongo. Uongo ulikwisha Jumamosi ile, ukasamehewa pamoja na wali. Kosa lililokula maisha yangu ni la kesho yake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikwisha umbuliwa, nikabaki mzima, nikaletewa dawa mkononi, nikaikataa. Nasikia Mama Furaha alisubiri mpaka saa nane.

Basi, mwanangu, alama zako zikishuka, zitaje kama zilivyo, na sababu yake uitaje hata kama ni ndogo ya kuchekesha. Ulikuwa ukifanya kazi kiwandani baada ya masomo, sema. Ulipotea, sema ulipotelea wapi na ulirudi kwa njia gani. Ukiambiwa uongeze mwaka, ongeza. Mwaka haumli mtu. Usimpe ndugu yako ugonjwa asiokuwa nao. Na wakikukataa, usihame. Nenda kanisani, nenda msikitini, ukae na wale waliokuita Daktari, wakuone ukiwa bado hujawa. Mgonjwa atakayekuja mbele yako siku moja atakuwa anauonea aibu mwili wake. Atamhitaji mtu aliyeijua aibu asiikimbie.

Mimi, baada ya basi lile la mjini, basi la masafa marefu lilinishusha jioni katika mji mdogo wa machimbo huko kaskazini, theluji ya kwanza ikianguka. Niligonga nyumba yenye kibao cha vyumba vya kupanga. Bibi mmoja wa Kizungu akanipa daftari nijaze. Jina, niliandika. Kazi, niliacha wazi. Mstari wa tatu uliuliza ni nani apigiwe simu nikipatwa na jambo. Kalamu ilisimama hapo mpaka yule bibi akainama kunisaidia, akidhani sijui kusoma. Nikaandika: Veneranda, mama.

"Yuko hai?" akauliza, labda kwa jinsi uso wangu ulivyokuwa.

"Yuko hai," nikasema.

Akanipa ufunguo.

Mungu akujalie, mwanangu, kalamu isiyomzika mtu. Akupe mama mdogo wa kukuambia toka ukaseme, na Mama Furaha wa kukusubiri. Na saa sita ya siku yako ikifika, akupe miguu mizito, ikukute ungali pale.