Baba Alipoulizwa Mimi ni Nani

Askari aliingia karakanani asubuhi, mimi nimeinama juu ya gurudumu la baiskeli ya mfanyakazi mmoja wa reli. Hakusalimu. Alisema neno moja tu: "Vipande."

Tajiri wangu, mtu mzima wa Kwale aliyenifundisha kazi hii ya baiskeli, alitoa chake mfukoni. Mimi niliendelea kukaza spoki kana kwamba sikusikia.

"Na wewe?"

"Nimekisahau nyumbani, afande."

"Nyumbani wapi?"

"Hapa hapa Changamwe."

Alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu, akasita kifuani. Mikono yangu ilikuwa imejaa grisi, nikainama tena juu ya gurudumu. Tajiri akaingilia: "Afande, huyu namjua. Ni kijana wangu wa kazi mwaka wa tatu huu."

"Ijumaa ijayo napita tena," askari akasema. "Usipokuwa nacho tutakwenda kituoni, tukupekue vizuri tujue wewe ni mtu gani."

Alikuwa akisema vile kwa kila mtu. Lakini mimi nilibaki na neno lile moja, kupekua.

Siku zile za mkoloni kipande, karatasi ya kitambulisho ya serikali, kilikuwa cha wanaume. Mwanamke aliweza kuzunguka Mombasa nzima asiulizwe karatasi yoyote. Mwanamume akikamatwa bila kipande alilala ndani. Mimi nilizaliwa Mjambere, nikaitwa binti, nikavalishwa buibui kama dada zangu, na nilipofika miaka kumi na tisa, posa yangu imeshapokewa, nilitoka nyumbani na shati na suruali ya ndugu yangu nimezifunga katika kanga. Tangu hapo sikuvaa buibui tena. Sikumdanganya mtu ila kwa kunyamaza. Watu waliona kijana mwembamba asiyeota ndevu, wakaniita kijana, nami nikaitika. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuitwa nikahisi ni mimi ninayeitwa.

Lakini kuishi vile kulitaka hadhari kila saa. Nilioga kabla ya alfajiri, kabla wapangaji wenzangu hawajaamka kupanga foleni mlangoni kwa bafu. Kifua nilikifunga kwa kitambaa cha marekani, mizunguko minne, na miezi ya joto ngozi chini yake ilichubuka hata nikashindwa kunyanyua pampu. Wenzangu walipovua mashati mchana, mimi nilibaki na langu, nikasema nina kifua kibovu, nisipigwe na upepo. Nilijifunza kucheka taratibu, kwa sababu kicheko changu kilikuwa kikipanda juu. Nilipougua homa nilijifungia chumbani siku nne bila kumwita mtu, maana daktari angenivua. Kuhusu swala, nisimame safu ya nani msikitini, sitasema mengi. Hilo ni baina yangu na Mola wangu, na sijawahi kulipata jibu lake kwa mtu.

Askari alipoondoka, tajiri alifuta mikono yake kwa kitambaa. Sijui hadi leo alikuwa akijua nini.

"Kipande huna," akasema. "Si kwamba umekisahau."

"Sina, bwana."

"Basi nenda kakitafute. Mtu mzima kama wewe, ambaye hajaandikishwa kabisa, watataka mzee wa kukushuhudia. Una baba?"

"Ninaye."

"Nenda kwa babako."

Nililala na neno hilo siku mbili. Siku ya tatu nilivaa kanzu na kofia, nikapanda basi hadi mjini, nikavuka daraja la Nyali kwa miguu. Baada ya Frere Town, njia ya kwetu ilipoanza, nilikutana na mama mmoja jirani, aliyekuwa akinisuka nywele kila wiki nilipokuwa mtoto. Alijivuta pembeni akashusha ushungi wake usoni, kama afanyavyo mwanamke akimpisha mwanamume mgeni. "Salaam aleikum," nikamwambia. Aliitikia bila kuinua macho. Nilipita, sijui nifurahi au nilie.

Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale nyumbani. Wanafunzi walikuwa wameshaondoka, naye alikuwa akikunja mikeka. Alinitambua mara moja. Mjomba mmoja alishaniona Changamwe mwaka wa kwanza, akarudi na habari. Kwa hiyo baba hakushangaa kwa mavazi. Alishangaa kwamba nimethubutu.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Alimaliza kukunja mkeka, akauegemeza ukutani.

"Wataka nini?"

Nikamweleza habari ya askari, na Ijumaa, na ofisi ya vipande. Nilizungumza haraka, macho chini. Nyuma ya pazia la mlango wa ndani niliona miguu ya mama imesimama.

"Wataka nikasimame mbele ya serikali niseme uongo," akasema baba. "Mimi, ninayesomesha watoto wa watu Kurani."

"Sitaki useme uongo. Nataka uje tu, usimame nami."

"Rudi ndani. Vaa nguo zako. Hapana askari atakayekuuliza kipande."

"Siwezi, baba."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Nilijaribu miaka kumi na tisa."

Alichukua mkeka mwingine, akaanza kuukunja. Kisha pazia likasogea, mama akasema kutoka ndani, bila kujitokeza: "Mume wangu. Wakimchukua kituoni watamvua nguo. Mbele ya wanaume."

Baba aligeuza uso. Mkono wake ulikwenda kwenye kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Kesho saa mbili," akasema. "Ningoje upande wa pili wa daraja. Si hapa."

Asubuhi iliyofuata tulikutana mwisho wa daraja, upande wa mjini. Yeye alitangulia, mimi nyuma hatua tatu. Ofisi ilikuwa na benchi refu ukutani na wanaume wapatao ishirini, wengi wao vijana wa bara waliokuja kutafuta kazi bandarini. Nilikaa baina ya wawili, mabega yetu yamegusana, nikawa nabana mikono kifuani. Kila mmoja aliitwa mezani, akaulizwa, akachovya vidole vyake vyote katika wino mweusi. Niliwaangalia vidole. Nilijiambia kwamba vidole havisemi.

Karani alikuwa kijana mwenye miwani, mwungwana kwa maneno lakini mwenye macho makali. Baba aliitwa kwanza, kama shahidi. Kisha baba akageuka benchini, akaniita kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniitia nyumbani nilipokuwa mtoto: "Weye!"

"Abee," nikaitika.

Lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimejizoeza "naam" miaka mitatu, sikuwahi kukosea mbele ya mtu hata mara moja, na sauti ya baba ikalitoa lile neno kutoka chini kabisa. Kwetu abee ni itiko la mwanamke. Vijana benchini wa bara hawakuelewa. Karani alielewa. Aliweka kalamu chini.

"Mzee," akamwambia baba taratibu, "huyu aitika kama mwanamke."

Nilipiga hesabu ya hatua hadi mlangoni, nikamtazama askari aliyekaa pale na bunduki yake.

"Amekulia jikoni kwa mamake," akasema baba. "Mimi mchana kutwa niko na watoto wa chuo. Makosa ni yangu."

Karani hakucheka. "Ni nani wako?"

"Ni mwanangu."

"Umemzaa wewe?"

"Nimemzaa mimi, Mjambere, katika nyumba yangu. Wallahi ni mwanangu."

"Mwanao wa kiume?"

Baba alinitazama. Tangu nifike nyumbani hakuwa amenitazama usoni, na sasa alinitazama kwa muda mrefu: kofia, kanzu, mikono yenye weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni.

"Si unamwona?" akamjibu karani. "Macho unayo."

Karani naye akanitazama. Kisha akachukua kalamu. "Jina?"

Nikalitaja jina nililokuwa nikilitumia Changamwe. Lilikuwa jina la babu, mzazi wa baba, jina ambalo kwetu hupewa mtoto wa kiume wa kwanza. Ndugu yangu mkubwa alipewa jina jingine kwa sababu ya ugomvi fulani wa zamani, na jina la babu likabaki bila mtu. Baba hakujua kwamba nimelichukua. Nilisikia pumzi yake ikikatika kando yangu. Karani aliandika, nikachovya vidole, nikavibandika kwenye karatasi kimoja kimoja.

Nje, jua limeshakuwa kali, baba alisimama chini ya varanda.

"Nimefanya kwa ajili ya sitara yako," akasema. "Sikutaka mkono wa askari ukuguse. Lakini Mjambere usije tena. Ukija na mavazi haya, majirani watauliza. Ukija na yale, utakuwa umenifanya mwongo kwa niliyoyasema leo."

"Basi nije vipi, baba?"

"Sijui." Akageukia barabara. "Sijui, mwanangu." Akaondoka kuelekea darajani, nami nikabaki nikipangusa wino kwa ncha ya kanzu.

Ijumaa askari alikuja. Alikitazama kipande juu juu, akanirudishia, akaomba nimjazie upepo baiskeli yake. Nilipampu hadi jasho likanidondoka, na alipoondoka nikaenda nyuma ya karakana nikakitazama tena kipande.

Sikukwenda tena Mjambere. Baba alifariki mwaka wa uhuru, miezi kadhaa kabla bendera haijabadilishwa, na habari ilinifikia ameshazikwa. Mama alipomaliza eda alikuja Changamwe, peke yake, na kapu la viazi vya kukaanga. Mpangaji mwenzangu, mwanamke mchangamfu, akakaa naye uani wakimenya muhogo.

"Huyu ndiye mwanao, bibi? Basi mpole! Una watoto wangapi?"

"Wanne," mama akajibu. "Wa kiume wawili, wa kike wawili."

"Mashaallah."

"Nilikuwa na wa kike wa tatu," mama akaongeza, kisu kikiendelea kukata. "Sinaye tena."

Yule mwanamke akampa pole kwa huruma ya kweli, akamuuliza marehemu alikuwa na umri gani. Mama alimtajia: miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa nimechuchumaa hatua mbili kutoka kwao, nikiosha sufuria. Sikujua kama alikuwa akinificha au akinililia, na uso wake haukunionyesha. Alipomaliza kumenya aliniita nimletee maji, nikaitika naam, nikampelekea.