Maneno ya Mama Mkubwa Niliyoyameza Mahakamani

Nakumbuka siku moja, na ningekuwa na uwezo ningeisahau, siku niliyosimama mahakamani Karatu nimevaa suruali iliyopigwa pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe. Miaka ya sitini hiyo, mwanangu. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na badala ya kwenda mbali kama wenzangu nikarudi kukaa karibu na jiko la mama. Kazi niliyoipata ilinifaa mvivu mimi: mkalimani. Hakimu wa wilaya alikuwa akija kutoka Mbulu, mtu wa pwani asiyejua Kiiraqw, lugha yetu, hata salamu, nami nikimgeuzia maneno.

Siku hiyo mshtakiwa alikuwa Bura, mtoto wa baba yangu mkubwa. Aliwakata miguu ng'ombe wawili wa jirani kwa panga. Wanyama wenyewe ilibidi wachinjwe. Alipoulizwa, alijibu taratibu kabisa: ndiyo, aliwakata, kwa kuwa kila asubuhi walikuwa wakilitaja jina lake na kucheka.

Nikamwambia hakimu, "Anakiri. Aliwakata."

Ya kucheka nikayaacha. Usinitazame hivyo, ngoja nikueleze. Mwezi huo wazee wetu walikuwa wamekwenda kijiji cha Mbulumbulu kuniposea, na kwetu wazee wa binti huuliza juu ya ukoo kabla ya kuuliza juu ya kijana. Waliuliza kama kuna ugonjwa wa kichwa. Tulijibu hakuna. Kibaraza cha mahakama kilikuwa kimejaa watu wa Mbulumbulu, na huko nje hawakusikia ila Kiswahili changu, maana nilikuwa na sauti kubwa na nilijipenda nikisema.

Kabla ya hukumu, mama mkubwa, mama yake Bura, akaruhusiwa kumwombea mwanawe. Alisema kwa sauti ndogo, muda mrefu. Kwamba tangu mvua za mwaka uliopita kijana anasikia watu wanamtukana pasipo mtu. Kwamba hali chakula chake, akidai ametiliwa sumu. Kwamba wamemfunga kamba mara mbili. Akamalizia, "Kama ni lazima mumfunge, mfungeni kama mtu anayeumwa."

Nikasema, "Anaomba mwanawe aonewe huruma."

Hakimu akaacha kuandika. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Mheshimiwa."

Hakimu akasema haoni sababu ya kumpunguzia. Miaka mitatu.

Nje mama mkubwa alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante, mwanangu. Umenisemea."

Nikaitikia. Naam, niliitikia!

Mzee Saidi, mwenye duka la nguo, aliyekuwa ameketi ndani na aliyejua Kiiraqw kuliko vijana wetu, alinisubiri kwenye kibaraza chake. "Njoo hapa, bwana mkalimani. Mama kasema mengi, wewe umetoa manne. Mengine umeyala?"

"Mzee, kuna mambo ya ukoo..."

"Ukoo ndio huo uliompeleka jela. Siku za rufaa zinahesabika. Utaandika wewe, au nimtafute asiyeposa?"

Niliandika. Nikapanda lori la vitunguu la Mang'ola hadi Arusha, mimi ninayeugua nikilala nyumba ya jirani, nikala kiapo kwamba nilikata maneno ya mama yule. Kwa wiki moja nikapoteza kazi na mchumba. Wavivu wengine huhitaji miaka.

Jaji wa rufaa aliagiza Bura apimwe na daktari. Hatia ilibaki, kwani ng'ombe walikatwa kweli. Lakini alisema mtu aliyeugua hivyo hawezi kubeba lawama sawa na mzima, na kwamba hakimu angeambiwa angepima vingine. Akapunguza kifungo, Bura akatoka apelekwe hospitali. Alikuwa ameshakaa miezi minane. Wafungwa wenzake walimpiga kwa kelele zake. Jicho moja halikuona tena.

Nilipokiri kwa mama mkubwa, hakunitukana. Alisema tu, "Na mimi nilikushukuru." Kuanzia hapo, mwanamke yule mzee alijifunza Kiswahili. Kila nilipomtembelea, mpaka alipokufa, alinisalimia kwa Kiswahili, taratibu, neno kwa neno. Sisi wawili tu nyumbani, tena watu wa lugha moja.

Basi, mwanangu, ukikabidhiwa maneno ya mtu, yafikishe yote, hata yanayokuaibisha wewe. Na mgonjwa wa akili akifikishwa mahakamani, usimfiche ili ukoo uonekane safi. Sema mapema, kabla ya hukumu: alianza lini, nani aliona, alitibiwa wapi. Mkichelewa, kateni rufaa kabla siku hazijapita, na mwombe daktari amwone.

Mungu akupe ulimi mzima na moyo usioogopa macho ya wakwe. Na akujalie mtu akikushukuru, uweze kumtazama.