Herufi n na Kikaango Changu

Mume wangu, mchimbaji hapa Nyarugusu, alikuwa akichomea dhahabu iliyonaswa kwa zebaki jikoni kwangu, kwenye kikaango changu, mpaka zebaki yote ipae kuwa moshi. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Kila nikilalamika kwamba moshi huo utamdhuru mtoto, jibu lake lilikuwa moja: "Nionyeshe ilipoandikwa, Mwalimu, nitaacha." Basi nikamwomba nesi wa kliniki, akanitumia kwenye simu makala ya utafiti, ya Kiingereza.

Mimi nafundisha Kiswahili. Takwimu na mimi tuliachana shuleni, tena kwa ugomvi. Ukurasa wa kwanza tu nikakuta watu wazima, wenye wake na wakwe, wote wamegeuzwa herufi n. Mbele kidogo ikaja p, ndogo, imelala upande, na kila ikitokea waandishi wanafurahi. Kamusi ikaniambia kuna kitu kinaitwa mkengeuko sanifu. Mkengeufu wa nyumba hii nilimjua, usanifu wake ndio sikuuona.

Nilichukia. Mtu anaandika juu ya moshi wa jikoni, halafu mwenye jiko haambulii kitu!

Mume wangu alifurahi sana. Akipita ananiuliza, "Vipi, p hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia."

Hatimaye nikaona neno nililolielewa bila kamusi: pregnant, wajawazito. Nikamwita aje ashuhudie. Nikamsomea kwa sauti, nikimtafsiria polepole, na kabla sijamaliza nikanywea. Wajawazito hawakuhusishwa katika utafiti huu.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kwa hiyo wewe humo."

"Simo."

"Basi juu yako hakuna kilichoandikwa. Ng'wanawane," akaniita kwa Kisukuma, yaani mwanangu, "lete kikaango."

Nusura nilie. Kisha hasira ikanipa akili ambayo takwimu zilininyima.

"Lile duara lenu jipya, shimo mnalolichimba sasa," nikamwambia, "hamjaosha hata karai moja la mawe yake. Utasema halina dhahabu?"

"Nitasemaje? Si halijapimwa!"

"Na mimi?"

Kicheko kikamkatika. Akaliangalia tumbo langu vile anavyoangalia mdomo wa shimo kabla ya kushuka. Akabeba kikaango, akabeba na jiko la mkaa, akavipeleka nje, mbali, ng'ambo ya uzio.

Nikampigia kelele arudishe jiko, maharage yangu bado mabichi.

"Nitakununulia jingine," akajibu bila kugeuka. "Hili nalo halijapimwa."