Jenerali wa Baba, Mpole wa Mama

Enzi zetu, sisi tuliokulia Nyabibuye, mtoto akitaka kuona vita hakuhitaji televisheni. Alikuja kwetu jioni, akapanda juu ya lundo la mabua ya mahindi, akatazama madume mawili ya kondoo ya wazazi wangu yakipimana vichwa. Kishindo chao kilifika hadi kisimani. Watoto wa jirani waliacha kucheza rede, wakaacha mdako, wakaacha hata maharage yakiungua jikoni, na viboko walivyokula kwa ajili hiyo bado wananikumbusha tukikutana stendi ya Kibondo.

Baba na mama walifuga kondoo wa mbegu. Watu walileta majike yao kwetu yapandwe, na aliyetaka dume la kuanzishia zizi lake alikuja kwetu kuchagua. Wenzetu wengi walifuga mbuzi, na kondoo walimwona mnyama mjinga asiyejua hata kulia akichinjwa. Mama alikuwa na jibu moja tu kwa watu hao. "Mjinga ni yule anayemchunga akiwa amelala," alikuwa akisema, kisha anaendelea kusonga ugali wake wa muhogo kana kwamba hajasema kitu.

Wazazi wangu walipendana sana, ila kuhusu dume lipi lipande hawakuwahi kukubaliana. Baba alipenda umbo. Dume lake, Jenerali, alilinunua mnadani Kasulu kwa sababu ya kifua kipana na ule mkia wa mafuta uliokuwa mpana kama ungo. Mama alimlea Mpole, aliyezaliwa zizini kwetu, mfupi kidogo, mwenye macho ya mtu anayesikiliza mahubiri. Mimi nilikuwa wa Mpole mwili na roho. Nilimchumia majani ya viazi, nilimsimulia mambo ya shule, na nikichapwa nilikwenda kulilia shingoni kwake.

Mwaka huo madume hayo yalivunja uzio mara tatu kwa ugomvi wao, na mara ya tatu yakapitia kwenye chungu cha mama. Zizi moja lisingeweza kuwa na watawala wawili. Ikaamuliwa kwamba wote wawili wapelekwe kwenye maonesho ya wakulima Kibondo. Atakayeshinda atabaki dume la zizi. Atakayeshindwa atahasiwa kwa koleo siku ya kurudi. Baba alikubali huku akicheka, mama akakubali bila kucheka. Mimi nilikataa kula siku nzima, na enzi zetu mtoto kukataa chakula lilikuwa jambo la kuitia majirani.

Baba akaanza kumpamba Jenerali. Wa rika langu mnaikumbuka bluu ya kufulia, ile tuliyotia kwenye maji ya mashati ya shule ili yang'ae. Hesabu ya baba ilikuwa rahisi: ikiwa kipande kidogo kinang'arisha shati, basi mnyama mkubwa kama Jenerali anastahili pakiti nzima, na nyingine ya akiba.

"Baba Neema, hiyo yote?" mama akauliza.

"Tulia, Mama Neema. Mtamwona."

Kweli tulimwona. Jenerali alitoka kwenye maji akiwa na rangi ya anga la Juni. Baba akasema rangi itapungua akikauka, lakini alipokauka ndipo ilipokolea. Hakukata tamaa. Akachukua mawese jikoni, akampaka pembe zote mbili na paji la uso, ili wakaguzi wamwone akiwa mbali.

Tulisafiri juu ya lori la maharage. Anayeijua barabara ile mwezi wa nane anajua vumbi lake jekundu, na vumbi lile lilipoona mawese likakaa. Tulishuka Kibondo Jenerali akiwa buluu mgongoni, mwekundu kichwani, na mashavuni, pale rangi zilipokutana, zambarau. Watoto wa mjini walitufuata mpaka uwanjani wakidhani tumeleta mnyama wa maigizo. Muuza vitenge mmoja alitoka dukani, akamsalimu baba vizuri, akauliza kwa adabu kama mnyama yule analiwa. Baba alikwenda kifua mbele. Mama alimvuta Mpole nyuma yake, ameuma upindo wa kitenge asicheke. Mimi nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi, maana niliona kabisa kwamba koleo limeshamkosa Mpole wangu.

Kumbe nilikuwa najidanganya. Bwana Mifugo wa wilaya, mtu mrefu mwenye buti za mpira, alimzunguka Jenerali mara mbili, akajikaza asicheke, akatangaza kwamba rangi haina maksi. Akapima vifua kwa kamba, akafunua midomo aone meno, akashika mikia, kisha akainama akashika na kule kwingine, nasi watoto tukaziba macho huku vidole vimeachana. Jenerali akamshinda Mpole kwa kifua na mkia. Mpole akamshinda Jenerali kwa meno na miguu. Wakalingana kabisa, na kwikwi yangu ikakatika.

"Dume la mbegu si umbo tu," Bwana Mifugo akasema. "Mzee, huyu wako mama yake ni nani?"

"Huyu ametoka mnadani Kasulu," baba akajibu kwa fahari.

"Nimeuliza mama yake."

"Naye bila shaka alikuwa mnadani."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bwana Mifugo akamgeukia mama. "Na huyu wako, mama?"

Mama akanikabidhi kamba ya Mpole. Akafuta viganja kwenye kitenge, akasimama wima kama wanavyosimama wazee wa kwetu kwenye kikao cha ukoo wanapotaja mababu. "Mpole ni wa Bihogo, aliyezaa mapacha mara tatu asimkatae hata mmoja. Bihogo ni wa Gitare, aliyekuwa na maziwa mpaka akanyonyesha na mtoto wa mbuzi aliyefiwa na mama yake. Gitare ni wa Kichwangumu, tuliyemuuza ng'ambo ya mto akarudi peke yake." Akaendelea hivyo, kila jike na dume lililompanda, meno yake yalidumu miaka mingapi, aliugua nini, alikufaje. Kalamu ya Bwana Mifugo ikaisha wino, akaazima nyingine. Mama akafika kwa wa saba, jike alilokuja nalo alipoolewa, likimfuata nyuma njia nzima kutoka kwao.

Nilimtazama baba. Mdomo ulikuwa wazi, amesahau kabisa kwamba yeye ni mshindani. "Mama Neema," akauliza mbele za watu, "huyo wa saba ndiye aliyekula barua yangu ya posa?"

"Ndiye," mama akasema. "Na hakudhurika."

Mpole akashinda. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa baba, na zawadi yetu, bomba la kunyunyizia dawa, aliivaa mgongoni akazunguka nayo uwanja mzima utadhani ni yeye aliyeshinda. Jenerali alihasiwa, akanenepa, akatulia, na baba akamwita Jenerali Mstaafu mpaka mwisho wa siku zake. Mimi nililala zizini, na hakuna aliyenifukuza.

Siku hizi vijana wanafuga madume ya kisasa yenye hereni za namba masikioni, na kila mwanakondoo anapigwa picha kabla hajasimama vizuri. Juzi nilimuuliza mtoto wa mdogo wangu mama wa dume lake ni nani. "Mama mkubwa, iko kwenye simu," akasema. "Subiri umeme urudi nichaji." Nilimcheka mpaka akanuna. Kisha nikamtajia ukoo wa Mpole, wote saba, bila kuvuta pumzi, nikajiona mtu mzima mwenye akili.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Na bibi," akauliza, "mama yake aliitwa nani?"

Nikamwambia.

"Na mama yake huyo?"

Jina hilo sikulijua. Mama ametutoka miaka mingi sasa. Siku ile Kibondo aliulizwa ukoo wa kondoo, akataja hadi wa saba. Ukoo wake mwenyewe hakuulizwa na mtu, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale karibu yake, nimeshika kamba.